Kuhifadhi, Kuandaa au Kutega? Uhakiki wa Istilahi za Manuizi katika Michezo ya Kuvaa Uhusika

Utangulizi

Miongoni mwa rasimu za istilahi ambazo wasomaji hutuletea ili tuzitolee maoni, imetufikia moja isiyo ya kawaida. Haihusu sheria, wala tiba, wala ufundi wa magari. Imekusanywa na vijana wa chuo kimoja kwa ajili ya mchezo wanaoucheza jioni, nayo ina istilahi zisizozidi arobaini. Tuliisoma kwanza kwa udadisi, kisha tukaisoma kwa makini, kwa sababu ndani yake mna tatizo ambalo kila mfasiri amekwisha kukutana nalo: neno ambalo katika lugha ya asili lenyewe halikuwa sahihi.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja wa wachezaji ni msimamizi. Yeye ndiye asimuliaye mambo na kueleza yaliyomo pangoni au msituni. Kila mmoja wa waliobaki huvaa uhusika wa mtu mmoja, akaamua mtu huyo asema nini na atenda nini. Penye shaka dadu hurushwa. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa kwa umma ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapwa huko Marekani mwaka 1974. Baadhi ya wahusika wake hutumia maneno yenye nguvu: akiyatamka huyu, moto huwaka, akiyatamka yule, walinzi hulala usingizi.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili kurasa zetu. Tunaamini lastahili. Vijana hao walitueleza kwamba jioni moja mchezo wao ulivunjika kwa sababu ya kitenzi. Rasimu yao ilisema kwamba mchezaji "huhifadhi" maneno yake ya nguvu kila asubuhi. Mmoja wao alihifadhi Donge la Moto, akalitumia, kisha akataka kulitumia tena. Msimamizi alikataa, akisema kitabu cha Kiingereza hakiruhusu. Mchezaji akajibu kwamba kilichohifadhiwa hakipotei, na kwamba kama kinapotea basi hakikuhifadhiwa. Walibishana mpaka wakachoka, na usiku ule wakaamua kumaliza mchezo kwa Kiingereza. Kwa maoni yetu mchezaji yule alikijua Kiswahili vizuri, na msimamizi alizijua sheria vizuri. Kosa lilikuwa la istilahi.

Asili ya neno lenyewe

Ili kulitengeneza kosa hili yatupasa kujua lilitoka wapi. Mwaka 1950 mwandishi wa Kimarekani Jack Vance alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho The Dying Earth. Humo mna mjuzi wa mambo ya siri aitwaye Mazirian. Maneno yake ya nguvu ni mazito mno hata akili ya mtu wa kawaida haiwezi kuyabeba. Yeye mwenyewe, baada ya mazoezi makali, aweza kubeba manne yaliyo mazito kabisa, au sita yaliyo mepesi. Akishayatamka, humtoka akilini, na hana budi kurudi kitabuni na kuyasukumiza ndani upya.

Gygax aliupenda mpango huu, akaufanya kuwa sheria ya mchezo. Jedwali katika kijitabu cha mwaka 1974 lilitaja idadi ya maneno ya nguvu ambayo mhusika aweza kuyakumbuka katika safari moja, na maelezo yakaongeza kwamba lililokwisha kutumika halitumiki tena siku hiyo. Hapo ndipo utata ulipoingia. Je, mtu aweza kulibeba neno lilelile mara mbili? Na kama alikumbuka asubuhi, kwa nini adhuhuri awe amesahau? Kila meza ilijijibu yenyewe. Aprili 1976 Gygax aliandika makala katika jarida la kampuni yake, The Strategic Review, akaeleza kwamba chanzo ni Vance, na kwamba neno likitamkwa hufutika akilini. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaliweka jambo hilo wazi zaidi.

Hata hivyo kitenzi cha Kiingereza kilibaki kile cha mwanafunzi anayejifunza jambo kwa moyo. Kilifaa hadithi ya Vance, kwa kuwa hadithi yenyewe ilieleza ajabu hiyo. Hakikueleza kazi inayofanyika mezani. Vijana wetu walipokitafsiri kwa "kuhifadhi" hawakukosea kamusi. Lakini katika Kiswahili kosa hilo ni kubwa zaidi kuliko katika Kiingereza, kwani kuhifadhi kwetu ni kujifunza kwa moyo na pia ni kutunza kisipotee. Aliyehifadhi Kurani husoma sala ya alfajiri, akasoma na ya adhuhuri. Harudi nyumbani mtupu. "Kukariri" nako hakuponyi, maana kukariri ni kurudia, na hapa kurudia ndiko kunakokatazwa.

Kanuni za barazani

Rasimu ina kifungu kirefu juu ya marekebisho ambayo kila kikundi hujifanyia, nayo huyaita "sheria za nyumba". Twashauri jina hilo liachwe. Mtu aliyepanga chumba akisikia sheria za nyumba atafikiri juu ya saa ya kufungwa mlango na zamu ya kufagia uani. Sisi tunayo mahali ambapo wachezaji hukutana na kukubaliana, nayo ni baraza. Wacheza bao wanajua kwamba mgeni akifika katika baraza asiyoizoea huuliza kwanza watu wa hapo wanachezaje. Kwa hiyo twapendekeza "kanuni za barazani", zitofautishwe na "sheria za kitabuni". Tunajua kwamba mpira wa miguu nao una sheria zake 17, na hakuna aliyedhani zilitungwa na Bunge. Hivyo neno "sheria" halina ubaya kwa kitabu. Ubaya ni kuliita sheria lile ambalo watu wanne wamepatana jioni hii na wanaweza kulitangua kesho.

Kanuni za barazani zinazohusu matayarisho ya maneno ya nguvu ni nyingi, lakini zilizo mashuhuri ni za aina tatu.

Ya kwanza yahusu muda. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979 kilitaka mhusika alale kwanza, kisha asome kwa dakika 15 kwa kila daraja la kila neno analolibeba. Tuchukue mhusika wa ngazi ya 9, ambaye jedwali lilimpa maneno manne ya daraja la 1, matatu ya daraja la 2, matatu ya daraja la 3, mawili ya daraja la 4 na moja la daraja la 5. Jumla ya madaraja ni 32, na kwa hiyo kusoma kwake ni dakika 480, yaani saa 8 kamili. Na kabla ya hapo alitakiwa apumzike saa 8 kwa ajili ya lile la daraja la 5. Siku nzima ya wenzake ilipita wakimlinda mtu asomaye. Si ajabu kwamba baraza nyingi hazikuihesabu sheria hii. Toleo la mwaka 1989 lilipunguza dakika 15 zikawa 10, na mhusika yuleyule akahitaji saa 5 na dakika 20. Toleo la mwaka 2000 lilimpa saa moja kwa yote. Lile la mwaka 2014 lilitaka walau dakika moja kwa kila daraja, yaani orodha ileile ingechukua dakika 32. Kitabu kilikuwa kikiifuata baraza polepole.

Ya pili yahusu kuchagua kabla. Kwa sheria ya zamani mhusika lazima aamue asubuhi kwamba atabeba Donge la Moto mara moja na usingizi mara mbili. Akikuta mto badala ya maadui, vyote ni mzigo mtupu. Baraza nyingi zikamruhusu achague wakati wa kutamka, mradi asizidishe idadi. Toleo la mwaka 2000 liliingiza aina mpya ya mhusika aliyekuwa na maneno machache lakini akiyatamka bila kuchagua asubuhi. Toleo la mwaka 2014 likabadili mpango wote: asubuhi mhusika huteua orodha ya siku, na kila atamkapo hutumia nafasi moja ya daraja lifaalo, orodha yenyewe haipungui.

Ya tatu ni ya wale walioiacha hesabu ya nafasi kabisa, wakaweka pointi zinazopungua kwa kadiri ya uzito wa neno. Watunzi wengine hawakungoja ruhusa. Katika Tunnels & Trolls wa Ken St. Andre, uliotoka mwaka 1975, maneno ya nguvu hulipiwa kwa nguvu za mwili wa mhusika; RuneQuest wa mwaka 1978 nao ukatumia pointi. Wachapaji wa Dungeons & Dragons wenyewe walizichapa pointi kama njia ya hiari mwaka 1996, wakarudia mwaka 2004 na mwaka 2014.

Gygax alikuwa na hoja nzito dhidi ya ulegezaji huu, nayo isidharauliwe. Alisema kwamba mtumia maneno ya nguvu asipowekewa mpaka, wenzake wenye mapanga watakuwa watazamaji. Mpaka ulikuwa kwa ajili ya haki ya wote mezani. Twakubali. Lakini yafaa kutazama ni ubishi gani ulizaliwa na mpaka, na ni upi ulizaliwa na jina la mpaka. Mchezaji aliyelalamika kwamba saa 8 ni nyingi alibishana na sheria. Aliyeuliza "nimesahauje nilichokikumbuka asubuhi?" alibishana na kitenzi, na kwake yeye hakuna kanuni ya barazani iliyohitajika, lilihitajika neno bora.

Maoni juu ya rasimu

Tuanze kwa kusifu. "Msimamizi" ni istilahi nzuri. "Dadu" ni neno la siku nyingi, na vijana wamefanya vema kulirudia badala ya kuazima upya.

"Mchawi" halifai. Rasimu yalitumia kwa kila mhusika atumiaye maneno ya nguvu, awe mwema au mwovu. Katika Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru. Hakuna mchawi aliye rafiki wa nyumba. Msomaji atakayeona kwamba shujaa wa kikundi ni mchawi ataelewa hadithi nyingine kabisa, na mzazi atakayeliona neno hilo katika daftari la mwanawe atakuwa na haki ya kuuliza. "Azima", "hirizi" na "kombe" nayo tungependa yaachwe, kwa sababu yana mahali pake katika maisha na imani za watu walio hai, na hayapaswi kuwa vidude vya mchezo.

Lipo neno pana zaidi. Kunuiza ni kutamka maneno ya kulielekeza jambo litukie, na maneno hayo huitwa manuizi. Kwa kuwa shina lake ni nia, neno halina ubaya wala wema mpaka lipewe kazi. Twapendekeza "manuizi" kwa maneno ya nguvu, na "mnuizaji" kwa mhusika ayatumiaye. Tatizo dogo ni umoja: watu husema manuizi kwa wingi tu, hali mchezo wahitaji kuhesabu. Hatuoni dhambi kusema "nuizi moja", kama wanasarufi watatuvumilia.

Istilahi nyingine ya kuhakikiwa ni "kiwango". Kiingereza cha mchezo huu kina neno moja kwa mambo manne: ukuaji wa mhusika, uzito wa nuizi, ukali wa dubwana, na kina cha pango. Gygax mwenyewe alikiri tatizo hilo katika kitabu cha mwaka 1978, akaeleza kwamba walikuwa wamefikiria kutumia maneno tofauti, ila wakabaki na lile moja lililokwisha kuzoeleka. Rasimu imeufuata udhaifu huo bila sababu. Sisi hatuna mazoea ya kutufunga. Mhusika na apande "ngazi". Nuizi liwe na "daraja". Dubwana liwe na "kiwango". Pango liwe na "tabaka". Hapo sentensi isemayo kwamba mnuizaji wa ngazi ya 9 aweza kutumia nuizi la daraja la 5 haitamchanganya mtu. Huu ni mfano wa tafsiri kuweza kuwa bora kuliko asili yake.

Kutega na kuandaa

Sasa turudi kwenye kitenzi kilichovunja mchezo. Kwa utaratibu uliozoeleka katika kazi yetu, hutafutwa kwanza neno lililomo katika Kiswahili na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Tulijiuliza: ni kitu gani ambacho mtu hukitengeneza mapema, kikakaa tayari, kikatenda kazi mara moja tu, na baada ya hapo hakina budi kutengenezwa upya? Ni mtego. Mwindaji hutega asubuhi. Mtego ukifyatuka, umekwisha. Hakuna amuulizaye kwa nini mtego mmoja haukunasa kanga wawili. Akitaka kunasa wawili hutega miwili.

Basi mnuizaji wa sheria za zamani na adurusu kitabu chake, atege manuizi, kisha ayafyatue. Amelitega Donge la Moto mara moja, akalifyatua, hana tena. Kijana aliyebishana jioni ile asingekuwa na hoja, wala asingeona ameonewa. Tumefurahi zaidi kuona kwamba vitabu vya toleo la tatu vilieleza jambo hilihili: asubuhi mnuizaji hutenda sehemu kubwa ya nuizi, akaliachia karibu na mwisho, na baadaye humalizia kipande kilichobaki. Maelezo hayo ni ya mtego kabisa, ingawa kitenzi kilichochaguliwa mwaka 2000 kilikuwa cha kuandaa tu.

Kitenzi hiki kinatupa na kinyume chake. Nuizi la kubatilisha nuizi la mwingine "hulitegua". Hatukuhitaji kubuni kitu. Mtego huteguliwa, na kitendawili vilevile.

Wapo watakaosema kwamba kutega kuna harufu ya hila, na kwamba mwalimu akisikia mwanafunzi "ametegea" atamtafuta kwa fimbo. Twawakumbusha kwamba kila mtoto wa Kiswahili amekwisha kuitikia "Tega!" pale aliposikia "Kitendawili!", na hapakuwa na hila wala uvivu. Mchezo wa kwanza wa akili tuliofunzwa na bibi zetu ulikuwa wa kutega na kutegua.

Hata hivyo istilahi hii ina mpaka, na hapa ndipo tunapowaomba wafasiri wawe waangalifu. Kwa sheria za mwaka 2014 kutega hakufai. Huko mnuizaji huteua orodha, na nuizi moja huweza kutumika mara nyingi maadamu nafasi zipo. Kinachokwisha ni nafasi. Hapo "kuandaa" kunatosha, na "nafasi" ni bora kuliko "tundu" la rasimu, maana tundu halitumiki likaisha. Masahihisho ya mwaka 2024 yaliusambaza utaratibu wa kuandaa kwa aina zote za wanuizaji, hata wale ambao hubadili nuizi moja tu wapandapo ngazi. Kwa hao "kuandaa" kunakuwa jina la orodha kuliko la kazi ya asubuhi, na mfasiri ataje hivyo katika maelezo.

Itaonekana kwamba Kiingereza kilitumia kitenzi kimoja mwaka 2000 na mwaka 2014 kwa kazi mbili tofauti. Mfasiri atakayetumia neno moja kwa sababu asili ina neno moja atawarithisha wasomaji wake ubishi wa watu wengine. Kanuni hii haihusu mchezo peke yake. Karani afasiriye fomu, na mwalimu afasiriye kitabu cha kemia, nao wataona kwamba neno la asili mara nyingine limebaki palepale hali kitu chake kimehama.

Hitimisho

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya: manuizi na mnuizaji, kudurusu kitabu, kutega, kufyatua na kutegua kwa sheria za kabla ya mwaka 2008, kuandaa na nafasi kwa sheria za tangu mwaka 2014, ngazi, daraja, kiwango na tabaka kwa mambo manne yaliyokuwa na jina moja, na kanuni za barazani. Toleo la mwaka 2008 tumeliruka kwa makusudi, kwani liliyapanga maneno haya kwa kadiri yanavyorudiwa, yaani wakati wowote, mara moja kwa pambano, au mara moja kwa siku, na lastahili kutazamwa peke yake.

Istilahi hizi hazijapitishwa, nasi hatutaki zipitishwe mezani petu pekee. Makosa mengi ya zamani yalitokana na kuyaidhinisha maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasema kwa sauti. Tumewarudishia vijana rasimu yao pamoja na maoni haya, tukawaomba wayatumie kwa muda wa miezi mitatu na kutuletea orodha ya kila mahali ambapo ubishi umetokea. Palipo na ubishi juu ya sheria, hiyo ni kazi ya baraza yao. Palipo na ubishi juu ya neno, tunaomba tuletewe, pamoja na sentensi yenyewe kama ilivyosemwa. Walimu na wafasiri wengine wenye uzoefu wa michezo ya namna hii nao wanakaribishwa kutuandikia.